Pedi, Tableti na Amani ya Sebuleni

Zipo nyumba ambazo remoti ya TV ina madaraka kuliko baba mwenye nyumba. Saa mbili usiku mtu anataka taarifa ya habari. Habari ikiisha, tamthilia. Na muda wote huo kuna mwanaume kakaa pembeni, pedi ya PlayStation mkononi, anahesabu dakika ili amalizie mechi aliyoiacha jana. Akinyimwa TV anavaa viatu, anaaga kwamba anaenda kwa washkaji mara moja, na hiyo mara moja inarudi saa sita usiku. Shosti, hapo hatuongelei gemu tena, tunaongelea ndoa.

Barua za aina hiyo zinafika mezani kwangu kila mwezi, na usidhani ni za wanawake tu. Wapo kaka zetu wanaolalamika kwamba wake zao wakishika gemu la kwenye simu, wali unaungua jikoni. Mwezi huu sitaki kuamua nani ana makosa. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho pengine tayari unacho kabatini: ile tableti, wenyewe wa Kiswahili sanifu wanaiita kishikwambi, na namna ya kuiunganisha na pedi isiyo na waya. Na nikisema pedi leo, ni ya gemu, si ile mliyoizoea kwenye ukurasa wetu wa afya!

NENO LENYEWE LINA NDOA NDANI YAKE

Ukiweka tableti ya Android kwa Kiswahili, kazi hii inaitwa kuoanisha. Sikiliza vizuri: kuoa, kuoana, kuoanisha. Vifaa viwili visivyofahamiana vinatambulishwa, vinakubaliana, halafu kila kimoja kinamkumbuka mwenzake. Siku nyingine vikikutana, hakuna utambulisho mpya.

Mshenga wao ni Bluetooth. Teknolojia hii ilianzia kwenye kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1994, na jina likatokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeitwa Jino la Bluu, ambaye anakumbukwa kwa kuwaunganisha watu wake. Inatumia mawimbi ya redio ya 2.4 GHz, na ili isigongane na wengine, inarukaruka kati ya chaneli 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde moja. Lakini mtaa huo una watu wengi. Wi-Fi ya nyumbani inapita hapohapo, na hata oveni ya maikrowevu inavujisha kelele hapohapo. Ndiyo maana ukikaa mbali na tableti, ukuta katikati, mchezaji wako anakimbia upande ambao hukumtuma. Kaa karibu, mita mbili tatu zinatosha.

DADA ALIYEKUJA NA PEDI KWENYE POCHI

Miezi michache iliyopita alinifuata ofisini dada mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Mume wake alipunguzwa kazini. Ilipofika zamu ya ada ya mtoto, yule kaka aliuza PlayStation 4 yake bila kumwambia mtu. Mnunuzi alichukua mashine na pedi moja, ya pili ikabaki kwenye droo. Tangu siku hiyo, akaniambia, baba wa watu akirudi kutoka kuhangaika na maombi ya kazi anakaa kwenye kochi na kuangalia ukuta. Ukimsalimia anaitikia. Ukimuuliza kitu, anasema sawa.

Akafungua pochi, akatoa pedi na tableti yake, ile anayoangalizia tamthilia. Akaniuliza, "Dada, hivi vitu viwili vinaweza kuelewana?"

Niliona jambo moja: huyu mama hakuwa na hela ya kumrudishia mumewe mashine. Alichokuwa nacho ni starehe yake mwenyewe, na alikuwa amekuja kuigawa. Basi tukasogeza chai pembeni, tukaanza.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, chaji. Pedi ikiwa haina moto, utahangaika bure. Ya PS4, yaani DualShock 4, inatumia waya wa micro-USB, ule wa simu za zamani. Ya PS5, DualSense, inatumia USB-C. Za Xbox nyingi zinakula betri mbili za AA, zile za dukani kwa mangi. Pedi ya huyu dada ilikuwa imelala droo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo tuliichomeka kwenye kompyuta yangu karibu saa nzima huku tukiongea.

Pili, umri wa tableti. iPad inazipokea pedi za PS4 na zile za Xbox zenye Bluetooth kuanzia iPadOS 13, iliyotoka mwaka 2019. DualSense inataka iPadOS 14.5 au zaidi. Kwa Android, Sony wanataja Android 10 na kuendelea kwa pedi ya PS4, na Android 12 na kuendelea kwa ya PS5. Angalia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu kifaa, kabla hujatoa hela yako dukani.

Tatu, amsha pedi kwa namna inayotakiwa. Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu wanabonyeza batani ya katikati kama walivyozoea, na pedi inaanza kumtafuta mwenzake wa zamani. Hakikisha pedi imezimwa. Kwa DualShock 4, bonyeza SHARE na ile batani ya PS kwa pamoja, ushikilie mpaka taa ianze kuwakawaka harakaharaka. Kwa DualSense ni hivyohivyo, ila badala ya SHARE unashika kile kitufe kidogo cha Create, kushoto kwa lile bao kubwa la kugusa. Kwa Xbox, washa pedi, halafu shikilia kwa sekunde tatu kitufe kidogo cha kuoanisha kilichopo juu, karibu na tundu la waya.

Nne, nenda kwenye tableti. Kwenye Android fungua Mipangilio, vifaa vilivyounganishwa, kisha chagua kuoanisha kifaa kipya. Kwenye iPad fungua mipangilio, uingie Bluetooth. Jina litajitokeza. Ya PS4 inajiita Wireless Controller, ya Xbox inajiita Xbox Wireless Controller. Ligonge jina, subiri kidogo. Taa ikiacha kuwakawaka ikatulia, ndoa imefungwa.

Ikigoma je? Zima Bluetooth ya tableti, washa tena. Kama jina lilishawahi kuwepo, lifute, uanze upya. Ikiendelea kugoma, geuza pedi ya PS4. Kwa nyuma, karibu na kitufe cha L2, kuna kitundu kidogo kabisa. Chukua kipini chembamba, bonyeza ndani sekunde kadhaa, halafu rudia hatua ya tatu. Yule dada alivua pini kwenye mtandio wake, tukabonyeza, na safari hii jina likatokea.

PEDI NYINGINE ZINA MWENZA MMOJA TU

Hili lisikutie presha. DualShock 4 inakumbuka kifaa kimoja tu kwa wakati. Ukiioanisha na tableti, inamsahau PlayStation. Haijaharibika, wala mke wako hajaiharibu! Ichomeke kwenye mashine yake kwa waya, bonyeza batani ya PS, na wanarudiana palepale. Za Xbox zilizotoka mwaka 2020 pamoja na Series X na S zina akili zaidi, zinakumbuka mashine na kifaa kimoja cha Bluetooth, na unahama kwa kugonga mara mbili kile kitufe cha kuoanisha. DualSense nayo ilikuwa ya mwenza mmoja mpaka Sony walipoleta sasisho mwaka 2025, sasa inaweza kukumbuka hadi wanne. Maneno mengine nakuachia wewe.

Angalia pia ununuzi. Mtaani kuna pedi zenye sura ya Sony na bei ya karanga. Nyingine zinafanya kazi, nyingine zinakubali kuoana halafu batani ya duara inafanya kazi ya pembetatu. Beba tableti yako dukani, ioanishe mbele ya muuzaji, jaribu batani zote, ndipo ulipe. Pedi ya PS3 usihangaike nayo, haikutengenezwa kwa mtindo huu. Na ya Xbox ya zamani, kama ile sehemu ya plastiki inayozunguka batani ya nembo ni kipande cha peke yake juu ya uso wa pedi, hiyo haina Bluetooth.

UTACHEZA NINI SASA?

Si kila gemu linakubali pedi. Call of Duty: Mobile ilianza kuzipokea mwaka 2019, na wenye pedi wanapangwa na wenye pedi wenzao. Minecraft inakubali, Stardew Valley inakubali, Dead Cells inakubali. Kabla hujanunua, soma maelezo ya gemu uone kama linataja pedi. Na kuna mengine menyu zake bado utazigusa kwa kidole.

Kwa wale ambao PlayStation bado ipo nyumbani, dawa ya vita ya remoti ni programu ya PS Remote Play. Mashine inabaki imewashwa pale chini ya TV, picha inakuja kwenye tableti kupitia Wi-Fi, baba anacheza chumbani, mama anamaliza tamthilia kwenye skrini kubwa. Sony wanashauri intaneti ya angalau 5 Mbps, kwa hiyo kama Wi-Fi yako ni ya kusuasua, usitegemee muujiza.

LAKINI GEMU SI NDOA

Nirudi kwa yule dada, maana najua mnataka kujua. Alifika nyumbani, akaiegemeza tableti kwenye meza ya sebuleni, gemu limefunguliwa, pedi pembeni. Hakusema kitu. Mume alipoingia akasimama, akauliza, "Nani kafanya hivi?" Mama akasema siku hiyo alikuwa na wiki mbili hajaulizwa swali lolote ndani ya nyumba yake.

Hakikutokea kitu cha kwenye sinema. Walikaa, yeye akicheza, mama akimenya viazi. Katikati ya gemu, macho yakiwa kwenye kioo, yule kaka akaanza kusema. Kwamba kodi ya nyumba inamnyima usingizi. Kwamba aliona aibu kumwambia kwamba ameuza mashine. Wanaume wengi wako hivyo, msomaji wangu. Mweke ana kwa ana umwambie tuongee, anajifunga. Mpe kitu cha kushika mikononi, ukae ubavuni, maneno yanatoka yenyewe.

Kazi hajapata bado. Pedi haiajiri mtu. Ila wana utaratibu: mpaka mtoto amelala hakuna gemu, halafu yeye nusu saa na gemu, mama nusu saa na tamthilia, na baada ya hapo tableti inaenda kwenye chaji na wao wanaongea hesabu za kesho. Juzi mama alinitumia meseji kwamba ameanza kumfunga mumewe mabao, kwa zamu, kwa pedi hiyohiyo moja.

Kwa hiyo dada yangu, kabla hujaificha pedi juu ya kabati, na kaka yangu, kabla hujavaa viatu kwenda kwa washkaji, ulizaneni kwanza huyu mwenzangu anatafuta nini humo ndani ya gemu. Akikujibu kwamba anapumzika, mwambie akufundishe. Jumamosi hii chaji pedi, tafuta pini, na utuandikie nani alimfunga nani. Kazi kwenu!