Nani Apange Meza ya Kompyuta Yetu?

Mama wa nyumbani anaondoka asubuhi kwenda soko la Kimironko. Anaporudi anakuta jiko limehamishwa, vijiko vimefungiwa sandukuni, na chumvi haijulikani ilipo. Aliyefanya hayo ni mgeni mwenye nia njema, naye anajitetea kwamba amempangia vizuri zaidi. Bila shaka mama huyo atakasirika, hata kama mpango mpya una faida zake. Jiko ni lake, na mkono wake ulikwisha kuzoea mahali pa kila kitu.

Jambo kama hilo huwapata watumiaji wa kompyuta. Mtu huzoea sura ya kompyuta yake: mahali pa kubonyeza ili aandike barua, namna ya kufungua na kufunga madirisha, mahali pa kutunzia picha za watoto. Sura hiyo huitwa eneo-kazi, kwa kuwa ni mfano wa meza ambayo mtu hutandaza kazi zake juu yake. Siku moja watengenezaji huigeuza, na mtumiaji hujikuta mwanafunzi tena. Mara nyingi hana la kusema. Lakini iko aina moja ya programu ambazo watumiaji wake hubishana waziwazi juu ya sura hiyo, na pengine huibadili wenyewe. Hizo ni programu huria. Yafaa tuyatazame mabishano hayo, kwa sababu yalipata kugusa shule zetu za Rwanda, na leo yanabisha hodi nyumbani kwetu.

MAANA YA PROGRAMU HURIA

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya asili yako wazi kwa wote. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kumgawia jirani. Inayojulikana zaidi ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland. Juu ya Linux huwekwa eneo-kazi, nayo maeneo-kazi ni mengi. KDE ilianzishwa Ujerumani mwaka 1996, na wafuasi wake hushikilia kwamba mtumiaji apewe uhuru wa kuchagua karibu kila kitu. GNOME ilianzishwa mwaka 1997 na vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena. Watu wa GNOME husema kwamba mambo machache yaliyopangwa vizuri humpa mtumiaji utulivu. Xfce ni nyepesi, na hupendwa na wenye mashine za zamani.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mkusanyo wa programu za Linux, akauita Ubuntu. Neno hilo si geni kwetu. Waswahili husema utu. Nasi katika Kinyarwanda husema ubuntu, na tukipewa kitu bila malipo husema tumekipata ku buntu.

MJADALA ULIPOFIKA DARASANI

Wasomaji wengi watakumbuka kompyuta ndogo, nyeupe na kijani, zilizoanza kuingia katika shule zetu za msingi mnamo mwaka 2008 kwa mpango wa kila mtoto na kompyuta yake. Katika miaka iliyofuata zilizogawiwa zilizidi 200,000. Zilikuwa na eneo-kazi huria lililoitwa Sugar. Mtoto alipoiwasha aliona mchoro mdogo wa mtu katikati ya kioo, na kuuzunguka zilipangwa shughuli: kuandika, kuchora, kupiga picha, kucheza muziki. Kazi yake ilijihifadhi yenyewe katika daftari la kumbukumbu. Tena palikuwa na ukurasa wa ujirani, ambapo aliwaona wenzake wenye kompyuta zilizo karibu, akaweza kufanya kazi pamoja nao.

Mwaka huo huo wa 2008 ulizuka ubishi mkubwa miongoni mwa wenye mpango. Wengine walisema mtoto afundishwe sura ile ile atakayoikuta ofisini, na mwezi wa Mei ikatangazwa kwamba kompyuta hizo zitaweza kutumia Windows pia. Wengine walisema mtoto si karani. Apewe sura iliyobuniwa kwa ajili ya kujifunza, tena iliyo wazi ili akipenda aifungue aone inavyofanya kazi. Walter Bender, mmoja wa viongozi, aliuacha mpango huo, akaanzisha Sugar Labs ili kuiendeleza Sugar. Baadaye matoleo mapya ya kompyuta hizo yaliwekewa Sugar na GNOME pamoja, mtoto akaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine.

Kwa mtu aliyesomea ualimu, kila upande ulikuwa na hoja. Mtoto hujifunza haraka kwa kitu kilichopimwa kwa kimo chake. Lakini mtoto huyo huyo hukua, hutafuta kazi, na hukaa mbele ya mashine isiyo na mchoro wa mtu katikati. Mwaka 2014 serikali yetu iliafikiana na kampuni ya Positivo BGH ya Argentina, na kompyuta zikaanza kuunganishwa hapa hapa Kigali, zikiwa na Windows. Watoto wa zile nyeupe na kijani leo ni vijana wa makamo ya kazi. Jambo la kukumbuka ni kwamba ubishi ule uliendeshwa kwa Kiingereza, na wengi walioushiriki walikuwa mbali sana na madarasa yetu.

UGOMVI WA MWAKA 2011

Kama hayo yaliwapata watoto, watu wazima nao hawakusalimika. Mwezi wa Aprili 2011 GNOME ilitoa toleo lake la tatu. Orodha ya madirisha iliyokuwa chini ya kioo ilitoweka, pamoja na kitufe cha kulishusha dirisha. Malalamiko yalikuwa makali. Torvalds mwenyewe alilaumu hadharani, akahamia Xfce kwa muda, kisha akarejea. Mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua maandishi ya toleo la zamani, akaendelea kuyatunza. Likazaliwa eneo-kazi liitwalo MATE, jina la mmea ambao watu wa huko hunywa majani yake kama chai. Watu wa Linux Mint nao walitengeneza lao, Cinnamon. Ubuntu ilikuwa imejitengenezea sura yake, Unity, lakini mwaka 2017 ikatangaza kuiacha na kurudi GNOME.

Hapo ndipo tunapoona nguvu ya programu huria na udhaifu wake. Nguvu ni kwamba hakuna anayeweza kumnyang'anya mtumiaji jiko lake. Akikataa mpango mpya anaweza kulibeba la zamani na kuondoka nalo. Udhaifu ni kwamba kila jiko lahitaji mpishi. Wengi wa watengenezaji hao ni watu wa kujitolea, na wakigawanyika katika makundi mengi, kazi ya kila kundi hupungua. Ndiyo maana ubishi wa leo, wa kuacha mtambo wa zamani wa kuchora madirisha uliobuniwa mwaka 1984 na kuhamia mpya uitwao Wayland, umekuwa mrefu. Wanaopendelea mpya husema ni salama zaidi. Wanaosita huuliza, kwa mfano, kama vipofu wanaotegemea programu za kuwasomea kioo watahudumiwa vema kama zamani. Swali hilo ni la haki, na wanaopaswa kuliuliza ni watumiaji.

LEO NYUMBANI

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Kompyuta nyingi za nyumbani, ingawa zingali nzima, haziwezi kupokea Windows 11. Kabla ya kuitupa mashine ya namna hiyo, baba na mama wa nyumba wafikiri. Kwanza, nakilini picha, barua na hati zote mahali pengine. Pili, wekeni Linux kwenye flashi na mwijaribu kutoka humo, bila kufuta chochote. Tatu, ikiwa mashine ni ya zamani, anzeni na eneo-kazi jepesi kama Xfce au MATE, ambalo sura yake haiko mbali na mliyoizoea. Nne, ulizeni kama programu ambayo mtoto anaihitaji shuleni itafanya kazi humo. Na kwa askari na polisi, kompyuta ya kazini si ya kujaribia. Isiguswe bila idhini ya wakubwa.

SAUTI YETU

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kupitia mradi wake wa Kilinux. Waliofanya hivyo hawakungoja kualikwa. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi hapa Rwanda, na askari wetu wengi walikuwa wakikijua zamani kutoka kambini. Basi wajuzi wa Kiswahili na Kinyarwanda tunao. Anayejua kutafsiri maneno kumi ya menyu na atafsiri. Anayeona kasoro na aieleze kwa utaratibu: alibonyeza nini, akatarajia nini, akapata nini. Taarifa kama hiyo huwafaa watengenezaji kuliko malalamiko mia.

Watengenezaji wa mbali hawawezi kujua kwamba kompyuta moja ya nyumba ya Nyamirambo hutumiwa na baba, mama na watoto wanne, kila mmoja kwa zamu yake, wala kwamba nyanya akitaka kuona picha za wajukuu huhitaji maandishi makubwa. Hilo twalijua sisi. Tukinyamaza, meza yetu itapangwa na wengine, nasi tutabaki kutafuta chumvi.