Laki tano ya alizeti na duka la nguo za zamani Nzuguni

Baada ya kipindi chetu cha biashara ndogo, mama mmoja wa Kongwa alituandikia ujumbe: “Habari za kazi wanangu. Nimeuza alizeti, nina laki tano. Binti yangu anataka tufungue duka la nguo za zamani Nzuguni, kama yale anayoyaona kwenye simu. Ninunue belo?”

Hewani tulimjibu kwa dakika mbili, na hazikutosha. Tunaandika hapa kwa kirefu kwa sababu wanaouliza swali hilo ni wengi, na laki tano ya alizeti ni jasho la msimu mzima.

Nguo anazozitaka binti vijana wanaziita vinteji. Ni mitumba, lakini iliyochaguliwa kwa mtindo wake: magauni ya maua yenye mikono iliyofura, mashati ya kola pana, jinzi za kiuno cha juu, suruali pana chini ambazo wazee wetu waliziita bugaluu. (Wazee wanakumbuka pia Operesheni Vijana ya mwaka 1969, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipozipiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Leo wajukuu wanalipia zaidi kuzipata.)

Eneo si baya. Nzuguni ipo barabara ya Dar es Salaam, ina stendi kuu ya mabasi, soko la Job Ndugai na viwanja vya Nanenane. Watumishi waliohamia Dodoma tangu 2016 wanapita hapo wakienda Mji wa Serikali, ambao kwa utani wa Mungu upo mahali panapoitwa Mtumba. Wateja wapo. Shida iko kwenye belo.

Belo huja limefungwa, na hulifungui mpaka umelipa. Tuchukue hesabu ya mfano, kila mtu aweke bei za kwake. Belo la magauni la kilo 45 umelinunua kwa 450,000, usafiri na kupakua 20,000. Ndani kuna vipande 180. Unagawanya: 470,000 kwa 180, unaona kila gauni limekugharimu kama 2,600. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu vipande havilingani. Tuseme 30 ni vizuri kweli, 90 ni vya kawaida, 60 vimechanika, vina madoa au havina wa kuvivaa. Vile 30 uuze kwa 12,000, upate 360,000. Vile 90 kwa 4,000, upate 360,000. Vile 60 uvimalize mnadani kwa jero jero, 30,000. Jumla 750,000.

Toa mtaji, inabaki 280,000. Toa fundi, uzi na sabuni 40,000, inabaki 240,000. Kama fremu ni 80,000 kwa mwezi na belo limechukua miezi mitatu kuisha, umefanya kazi bure. Na mama wa Kongwa, akishalipa belo, amebaki na 30,000, wakati wenye fremu wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa mbele.

Bei ya belo nayo haipangwi na muuzaji wako peke yake. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi senti 40 kwa kilo, na viongozi wakakubaliana mitumba ikome ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzitoa katika AGOA, mpango wa kuuza bidhaa kule bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa katika mpango huo. Dola ikipanda au ushuru ukibadilika, belo linabadilika, na wewe huku ulishaahidi bei kwa mteja.

Kwa hiyo jibu letu ni hapana, asinunue belo. Duka la vinteji linaishi kwa kuchagua, na belo halikupi nafasi hiyo. Nunua kipande kimoja kimoja kwa wanaofungua mabelo, mjini Dodoma au hata Karume, Ilala. Ufike alfajiri, maana saa nne yamebaki makapi. Vipande 40 kwa wastani wa 4,000 ni 160,000. Nauli ya kwenda na kurudi Dar na mzigo weka 60,000, fundi na sabuni 20,000. Ukiuza 30 kwa 10,000 na 10 vilivyosuasua kwa 4,000, umepata 340,000. Faida ni laki moja, hujalipa fremu, na 260,000 yako bado ipo mkononi.

Kagua nguo juani. Tazama kwapa, kola, mapindo na zipu. Kifungo kinarudishwa, doa la kwapa mara nyingi halitoki. Loweka na ufue zote, hata inayonukia vizuri, kisha upige pasi. Nguo za ndani za mitumba usiguse, TBS imezipiga marufuku.

Usiamini namba ya lebo. Saizi 12 ya Uingereza inakaribia 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na za zamani huwa ndogo zaidi. Pima kifua, kiuno na urefu kwa futi ya fundi, uandike vipimo chini ya picha unapoweka kwenye WhatsApp. Gauni lililorudishwa kwa sababu halikutosha limekula nauli mara mbili.

Halafu daftari. Kwa viwango vya TRA vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 hayalipi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na ana daftari hulipa 30,000. Kabla ya kuanza ulizia ofisi ya TRA kama viwango vimebadilika, na halmashauri kuhusu leseni.

Mama alitupigia wiki iliyofuata. Binti hakufurahi kukosa fremu. Wamekubaliana aanze na vipande 25, auzie kwa shangazi yake Nzuguni na mnada wa Msalato Jumamosi, na Julai aongeze makoti, maana baridi ya Dodoma usiku wageni hawaijui. Laki tatu mama ameiacha kwenye simu yake mwenyewe, na namba ya siri hajampa mtu.