Mwanagenzi Uwanjani: Wachezaji Wapya wa Mpira wa Kikapu na Kazi ya Mwalimu

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo hupokea wanachuo wapya, na miongoni mwao wamo wachache wanaokwenda kujiandikisha katika timu ya mpira wa kikapu. Baadhi yao wamewahi kucheza katika shule za sekondari; wengine wana urefu tu, na urefu huo ndio uliowasukuma uwanjani. Huko huwakuta wenzao wa mwaka wa pili waliokwisha kuzoeana, wanaoelewana hata kwa kutupiana jicho. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mgeni wa namna hiyo anavyofundishwa hata akawa mmoja wa timu, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwalimu wa shule ya msingi, hata yule ambaye hajapata kuushika mpira huo maishani mwake. Uwanja una faida moja ambayo aghalabu darasa halina: kosa la mwanafunzi huonekana papo hapo na watu wote, na kosa la mwalimu vilevile.

Yafaa tukumbuke kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa chuoni. Mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Massachusetts, nchini Marekani, mwalimu James Naismith alikabidhiwa darasa la wanaume 18 waliokuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani ya nyumba wakati wa baridi. Aliandika kanuni 13, akazibandika ukutani, akapigiliwa vikapu viwili vya matunda kwenye kingo za roshani, akagawa watu tisa kila upande. Siku hiyo wote walikuwa wanagenzi, wala hapakuwa na mkongwe wa kumcheka mwenziwe. Hali hiyo haikurudi tena. Tangu hapo, kila anayejiunga na timu huwakuta waliomtangulia, na shida ya ufundishaji huanzia hapo.

Mfano tutakaoutumia unatoka nchini humohumo, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, ambacho watu hukiita UCLA. Timu ya chuo hicho ilifundishwa na John Wooden tangu 1948 hadi 1975, na kati ya 1964 na 1975 ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara kumi. Wapenzi wa michezo humkumbuka kwa vikombe. Sisi tunamtaja kwa sababu nyingine: kabla ya kujulikana kwa mpira alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule za sekondari, na mpaka alipofariki mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 99, aliendelea kujihesabu kuwa mwalimu kwanza.

Wakati huo kanuni za vyuo vya Marekani hazikumruhusu mwanachuo wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu. Wageni walikuwa na timu yao, mashindano yao, na kocha wao. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 1972. Mwaka 1965 alifika UCLA kijana mrefu kutoka New York aitwaye Lew Alcindor, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kote kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Tarehe 27 Novemba mwaka huo timu ya wageni ilipambana na timu kuu ya chuo chao wenyewe, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa nchi miaka miwili mfululizo. Wageni walishinda kwa pointi 75 kwa 60, na Alcindor peke yake alifunga 31. Mabingwa wa nchi wakawa wamefungwa na watu ambao, kwa mujibu wa kanuni, hawakustahili hata kukaa kwenye benchi lao.

Ndugu mwanachuo, tafadhali usilipite tukio hili haraka. Mgeni si gunia tupu. Mtoto anayeingia Darasa la Kwanza amekwisha kuhesabu mbuzi wa baba yake jioni wanaporudi zizini, amekwisha kutumwa dukani akarudi na chenji kamili, anajua vitendawili, na pengine anasema lugha mbili. Mwalimu asiyeuliza habari hizo huanza na moja kwa mtoto ambaye yuko kumi, kisha hushangaa kumwona amechoka kabla ya mwezi kwisha. Vivyo hivyo kwa mtoto anayehamia Darasa la Tano kutoka shule nyingine katikati ya muhula. Tumezoea kumkalisha kwenye dawati la nyuma ambako pana nafasi, na pengine hukaa hapo mwaka mzima bila mtu kujua anaweza nini.

Hata hivyo, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kijana huyohuyo aliyewafunga mabingwa alifundishwa kuvaa soksi. Wachezaji wengi waliopita mikononi mwa Wooden, Abdul-Jabbar na Bill Walton wakiwamo, wamesimulia kwamba katika mazoezi ya kwanza ya mwaka mwalimu huyo aliwakalisha chini, akawaonyesha jinsi ya kuivuta soksi hata isibaki na kunjo kwenye kisigino wala kwenye vidole, kisha jinsi ya kufunga kamba za viatu. Baadhi walidhani ni mzaha. Sababu yake ilikuwa wazi: kunjo huleta lengelenge, lengelenge humfanya mchezaji akose mazoezi, na aliyekosa mazoezi hana nafasi katika mchezo.

Soksi na ushindi ule wa 75 kwa 60 havipingani. Mwalimu anaweza kutambua kwamba mgeni anajua mengi, na wakati huohuo akakataa kudhani kwamba anajua lile dogo ambalo mengine yote yanasimama juu yake. Katika Darasa la Kwanza dogo hilo ni namna ya kushika penseli, namna ya kuweka daftari, na upande ambao mstari unaanzia. Mwalimu akidhani kwamba mambo hayo hujifundisha yenyewe, mtoto atajifundisha, lakini atajifundisha vibaya, na kufikia Darasa la Nne vidole vyake vitakuwa vinamuuma kabla hajamaliza aya moja ya insha.

Sasa tuingie katika maneno ya mwalimu. Msimu wa 1974 hadi 1975, uliokuwa wa mwisho kwa Wooden, wanasaikolojia wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikwenda kukaa kando ya uwanja na kuandika kila alichokisema na kukitenda wakati wa mazoezi. Hawakwenda kwa ajili ya mpira. Walikuwa wakishughulika na shule ya majaribio huko Hawaii, ambako watoto wa wenyeji walikuwa wakipata shida katika kusoma, na walitaka kumtazama mwalimu hodari akiwa kazini. Katika vipindi 15 vya mazoezi walirekodi matendo 2,326 ya ufundishaji, wakayapanga kwa aina.

Zaidi kidogo ya nusu ya matendo hayo, yaani asilimia 50.3, yalikuwa maelekezo matupu: fanya nini, au lifanye namna gani. Sifa zilikuwa asilimia 6.9. Makaripio yasiyofuatwa na maelekezo yalikuwa asilimia 6.6. Karipio lililofuatwa papo hapo na maelekezo mapya lilikuwa asilimia 8, na maneno ya kuhimiza, kama vile kumtaka mchezaji aongeze mwendo, asilimia 12.7. Yaliyobaki ni kuonyesha kwa vitendo na mambo mengine madogomadogo.

Tuzitafsiri tarakimu hizi kwa mazingira yetu. Ukisimama nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha utasikia mara nyingi: "Vizuri sana! Mpigieni makofi!" Au utasikia: "Hapana. Kaa chini. Mwingine?" Mwenye makofi ameketi akiwa na furaha, lakini hajui kwa hakika ni kipi alichokifanya vizuri. Aliyekalishwa ameketi na aibu yake, wala hajui alikosea wapi. Wote wawili wamepewa hukumu. Hakuna aliyepewa habari. Mtoto aliyekosea kujumlisha angepata habari kama angeambiwa: "Umeanza na makumi. Anza na mamoja, kisha nenda kwenye makumi." Mchezaji mpya anayetoa pasi ya kifuani iliyolegea hafaidiki na kelele ya "Usizubae!", bali hufaidika akiambiwa: "Nyoosha mikono mpaka vidole vimwelekee mwenzako." Sentensi ni fupi, haina matusi wala pongezi, na anaweza kuitumia papo hapo.

Hatusemi kwamba sifa ni mbaya. Wachezaji wa Wooden walikuwa vijana wa kama miaka ishirini, waliochaguliwa, tena waliojaa tamaa ya kushinda. Mtoto wa miaka saba anahitaji kutiwa moyo zaidi yao, na kumkaripia kwa kipimo cha vijana hao kungekuwa ni ukatili. Tunachosema ni kwamba sifa itaje tendo. "Umeacha nafasi kati ya maneno, nimesoma bila taabu" ni sifa na ni somo. "Hodari!" ni sifa tu.

Watafiti hao waliona jambo jingine ambalo sisi tunalithamini kuliko tarakimu. Mchezaji alipokosea, Wooden alisimamisha zoezi, akaonyesha tendo lilivyo sahihi, akaiga jinsi mchezaji alivyolifanya, kisha akaonyesha tena lilivyo sahihi. Yote hayo yalichukua sekunde chache, halafu mpira ukaendelea. Wapo wakufunzi wanaokataza kabisa kumwonyesha mtoto kosa ubaoni, wakihofu kwamba atalishika. Hofu hiyo ina msingi pale kosa linapoachwa ubaoni kipindi kizima. Lakini mtoto anayechanganya b na d hawezi kuitambua tofauti kwa kuonyeshwa b peke yake mara ishirini. Andika b, karibu nayo andika d kama alivyoandika yeye, umwonyeshe tumbo lilivyogeukia upande mwingine, ifute d, andika b tena. Linalobaki machoni pake ni lile sahihi.

Ufupi huo haukuja wenyewe. Gallimore na Tharp walipourudia utafiti wao katika makala ya mwaka 2004, walisisitiza jambo ambalo hawakuliona walipokuwa wamekaa kando ya uwanja, nalo ni maandalizi. Wooden na wasaidizi wake walikaa kila asubuhi kupanga mazoezi ya siku hiyo dakika kwa dakika, na mara nyingi kupanga kulichukua muda ulio karibu sawa na ule wa mazoezi yenyewe. Mipango hiyo aliiandika kwenye kadi ndogo na kuihifadhi mwaka hata mwaka, akiwa na kumbukumbu juu ya kila mchezaji. Mwanachuo anayelalamika kwamba andalio la somo ni kazi ya kumridhisha mkaguzi na alitafakari hilo.

Itasemwa kwamba chuo kile kilikuwa na fedha, mipira tele na wachezaji wateule, ilhali sisi tuna watoto 60 na mpira mmoja. Ni kweli, na tusijidanganye. Hata hivyo hoja ya wateule isivutwe kupita kiasi. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza mchezo huu akiwa na umri wa kama miaka 15, umri ambao wengine huona umekwisha kupita. Mwaka 2006 akajiunga na timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya wageni wote walioingia katika ligi ya kulipwa ya Marekani. Urefu wake alizaliwa nao, lakini kuzuia mipira bila kumgusa mpinzani ni jambo alilofundishwa.

Kuhusu mpira mmoja, pasi ya kifuani yaweza kufundishwa bila mpira kabisa kwa dakika kumi za kwanza. Wapange watoto wawili wawili wakitazamana, viganja mbele ya kifua, wanyooshe mikono kwa hesabu yako huku ukipita katikati ya safu ukisahihisha mmoja mmoja kwa sentensi moja. Mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba yatosha kwa hatua ya pili, ingawa haidundi. Mpira halisi uingie mwishoni, upite kwa kila jozi. Kama yuko mtoto mgeni, usimpange na mgeni mwenzake wala na bingwa wa darasa. Mpange na yule aliyejifunza jambo hilo juzi tu, maana bado anakumbuka lilivyokuwa gumu.

Na ukitaka kujipima, mwombe mwenzako mliyepangiwa shule moja akae nyuma ya darasa na karatasi yenye safu nne: maelekezo, sifa, makaripio, mengineyo. Kila unapofungua kinywa na atie alama moja. "Vizuri" peke yake iingie katika safu ya sifa. "Vizuri, umeanza na mamoja" iingie katika maelekezo. Na swali unalolijibu mwenyewe kabla mtoto hajapumua liingie katika mengineyo. Kipindi cha dakika 40 chatosha. Siku inayofuata mbadilishane nafasi.