Remmy Ongala: Gitaa lililovuka ziwa, na nyimbo zinazodaiwa na baa na kanisa

Sange. Desemba ikiingia, muziki katika mji huu wa uwanda wa Ruzizi hugawanyika pande mbili. Upande mmoja kuna kwaya zinazofanya mazoezi ya Noeli hadi giza linapoingia, magitaa yakiwa yameunganishwa kwenye spika zinazotegemea jenereta au paneli ya jua. Upande wa pili kuna baa za kando ya Barabara ya Taifa Namba 5, ile inayounganisha Uvira na Bukavu, ambazo hupandisha sauti kusubiri Bonane.

Anayetoka kwenye mazoezi ya kwaya na kupita mbele ya baa husikia gitaa la aina ileile pande zote mbili. Nyuzi nyembamba zinazungumza juu, ridhimu inajibu katikati, besi inatembea chini. Kinachobadilika ni maneno.

Yupo mwanamuziki mmoja ambaye pande zote mbili zina haki ya kumdai. Alizaliwa mashariki mwa Kongo, akajulikana duniani akiwa Tanzania, na akafariki dunia Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, zikiwa zimebaki siku 12 tu kufika Krismasi. Ni Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye mashabiki wake walimwita Dokta Remmy.

Katika msimu huu wa sikukuu, albamu zake zinastahili kusikilizwa upya, na hasa na watu wa upande huu wa Ziwa Tanganyika. Zina historia ya watu wengi wa huku: kuondoka nyumbani, kuanza upya ugenini, na kuimba kwa ajili ya asiye na kitu.

Mtoto wa Kivu ya zamani

Remmy alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, kando ya mto Lualaba. Leo Kindu ni makao makuu ya jimbo la Maniema, lakini kwa miaka mingi Maniema ilikuwa ndani ya jimbo moja la Kivu pamoja na Uvira, Bukavu na Goma. Ni mwaka 1988 tu ndipo Kivu ilipogawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Sange na mtu wa Kindu walikuwa wa jimbo moja kwa sehemu kubwa ya maisha ya Remmy.

Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo. Muziki ukawa kazi ya kujipatia mkate. Alipiga ngoma, akapiga gitaa, akaimba katika bendi mbalimbali, kama walivyofanya vijana wengi wa Kongo wa miaka ya 1960, wakati rumba ilipokuwa inatawala kila mji wenye umeme na ukumbi.

Mwaka 1978 mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi Dar es Salaam, alimwita Tanzania. Remmy akajiunga na Orchestra Makassy. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kwenda. Bendi ya Maquis ilitoka Kongo na kuiteka Dar es Salaam. Wapiga magitaa kama Ndala Kasheba na Nguza Viking walifanya makazi huko na kubadilisha sauti ya muziki wa dansi wa Tanzania. Kabla wakimbizi wa Uvira na Fizi hawajaanza kuvuka kwa maelfu mwaka 1996 na kupelekwa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, magitaa yalikuwa yamekwishavuka.

Makassy alipohamishia bendi yake Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki Dar es Salaam na kujiunga na Super Matimila. Ni kwa jina la bendi hiyo ndipo dunia ilipomfahamu.

Albamu zilizosafiri

Mwaka 1988 Remmy na Super Matimila walialikwa katika ziara ya WOMAD, tamasha la muziki wa dunia lenye makao yake Uingereza, ambalo mwimbaji Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaka huohuo ikatoka albamu ya "Nalilia Mwana", iliyokusanya nyimbo zilizorekodiwa Tanzania. Humo mna "Ndumila Kuwili", "Mnyonge Hana Haki" na wimbo wake mrefu kuhusu siku ya kufa.

Mwaka uliofuata bendi iliingia studio za Real World nchini Uingereza na kurekodi "Songs for the Poor Man", yaani nyimbo za mtu maskini. Hii ndiyo albamu inayofaa kuanzia kwa msikilizaji ambaye hajawahi kumsikia. Sauti ni safi, kila gitaa linasikika mahali pake, na nyimbo kama "Kipenda Roho", "Karola" na "Sauti ya Mnyonge" zinaonyesha pande zake zote: mpenzi, msimulizi na mtetezi.

Mwaka 1992 ikafuata "Mambo", pia chini ya Real World. Humo Remmy anaimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza ili wasikilizaji wa Ulaya wamwelewe. Wapo wanaoiona kuwa albamu iliyolegea kidogo, kwa sababu Kiswahili chake ndicho kilichokuwa na makali. Lakini ndani yake kuna "Kidogo Kidogo" na wimbo unaozungumzia kurudi nyumbani, mada ambayo mtu yeyote aliyewahi kukimbia uwanda wa Ruzizi ataielewa bila kutafsiriwa.

Katika albamu zote hizo namna ya kupiga haibadiliki sana. Wimbo unaanza taratibu, Remmy akisimulia kama mzee aliyeketi barazani. Magitaa mawili au matatu yanasukana bila kugombana. Kisha katikati ya wimbo mwendo unabadilika, solo inapanda, na watu wanaitwa kucheza. Yeye mwenyewe aliuita muziki wake ubongo, akimaanisha muziki wa kichwa na wa fikra. Mtu anaweza kucheza dakika nne nzima kabla ya kugundua kwamba wimbo anaouchezea unahusu kifo.

Nyimbo zisizo na kasha

Hata hivyo, anayezifahamu albamu hizo peke yake bado hajamjua Remmy. Nyimbo alizowaimbia wasikilizaji wa Kiswahili zilikuwa nyingi zaidi ya zile zilizowekwa kwenye santuri za Ulaya.

Katika miaka ya 1970 na 1980, bendi za Tanzania zilirekodi nyimbo zao zaidi katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Kabla ya redio binafsi kuruhusiwa miaka ya 1990, hiyo ndiyo iliyokuwa redio ya nchi nzima. Bendi iliingia studio, ikapiga, mafundi wakanasa kwenye utepe, na wimbo ukaenda hewani. Hapakuwa na kasha lenye picha wala orodha ya nyimbo. Msikilizaji alisubiri kipindi, na mwenye redio kaseti alinasa wimbo wake mwenyewe. Mawimbi ya redio hayaulizi pasipoti, kwa hiyo nyimbo hizo hazikuishia kwenye mpaka wa ziwani.

Wimbo maarufu kuliko yote katika kundi hilo haukupewa hata nafasi ya redio. Mwaka 1990, Ukimwi ulipokuwa unaua watu na wengi wakiona haya kuutaja, Remmy alitunga "Mambo kwa Soksi". Soksi hapa ni kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wimbo ukaenea kupitia maonyesho ya ukumbini na kaseti, na hadi leo wanaozungumzia historia ya mapambano dhidi ya Ukimwi Afrika Mashariki huutaja.

Hapa ndipo lilipo tatizo linalowahusu wasikilizaji wa leo. Albamu za Real World zinapatikana kwenye intaneti kwa yeyote mwenye simu na megabaiti. Nyimbo za redio hutegemea utepe uliohifadhiwa na nakala za kaseti za watu binafsi. Kwa kijana wa Sange anayelipa ili ajaziwe nyimbo kwenye kadi ya simu, Remmy anayepatikana kwa urahisi ni yule aliyerekodiwa kwa ajili ya Ulaya. Yule aliyeimbwa kwa ajili ya babu zake ni wa kutafuta.

Bluzi na Noeli

Waandishi wa nje walipomsikia Remmy, wengi walitafuta wa kumlinganisha naye. Muziki wake ni wa asili ya rumba, si bluzi. Lakini kazi unayoifanya inafanana na ile iliyofanywa na bluzi kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani: kuisema shida kwa sauti, kwa gitaa, hadi shida yenyewe ichezeke.

Wakongo walipata nafasi ya kuziona mila hizo mbili zikikutana. Septemba 1974, katika tamasha la muziki la Kinshasa lililoandaliwa pamoja na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, B.B. King, mfalme wa gitaa la bluzi, alipanda jukwaani katika nchi ambayo Franco na Tabu Ley walikuwa wafalme wa magitaa na sauti.

B.B. King huyohuyo, akiwa na miaka zaidi ya 70, mwaka 2001 alitoa albamu ya nyimbo za Krismasi, "A Christmas Celebration of Hope". Kwa wapiga gitaa wa Marekani hilo ni jambo la kawaida. Mwanamuziki hupiga maisha yake yote katika kumbi za pombe, kisha siku moja hutoa albamu ya sikukuu, na hakuna anayemuuliza ameokoka lini.

Huku kwetu mpaka ni mkali zaidi. Anayetoka kwenye dansi kwenda kwenye injili hutazamwa kwa macho mawili. Baa husema imempoteza, na kanisa husubiri kuona kama kweli amebadilika.

Nyimbo za mwisho

Remmy alivuka mpaka huo pia. Baada ya kuugua kiharusi, kilichompunguzia nguvu na kumweka mbali na jukwaa, aliuacha muziki wa dansi na kuanza kuimba nyimbo za injili. Mtu aliyekuwa akijaza kumbi usiku wa Jumamosi akawa anaimba kuhusu furaha ya kuwa na Yesu.

Baadhi ya mashabiki wa zamani walilipokea jambo hilo kama kifo cha kwanza, kabla ya kile cha Desemba 2010. Kwa maoni ya mwandishi huyu, walikosea. Ukiziweka nyimbo zake za mwanzo na za mwisho pamoja, utakuta maswali ni yaleyale. Kwa nini mnyonge hana haki? Tajiri ataondoka na nini siku ya kufa? Nani atamkumbuka maskini? Katika miaka ya 1980 aliwauliza wanadamu. Mwishoni alimuuliza Mungu.

Ndiyo maana kwaya ya Noeli na baa ya Bonane zote zinaweza kumpiga bila kuona haya. "Mnyonge Hana Haki" si wimbo wa kanisani, lakini mhubiri anayezungumzia mtoto aliyezaliwa kwenye hori la ng'ombe kwa kukosa nafasi nyumba ya wageni hayuko mbali nao.

Mwaka aliofariki Remmy, Sange nayo ilikuwa na msiba wake. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka hapa barabarani na kulipuka, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Baadhi yao walikuwa wamekusanyika kwenye vibanda vya video kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Noeli ya mwaka ule ilikuwa ya nyumba nyingi zenye kiti kitupu. Mtu anayesema nyimbo za Remmy kuhusu kifo ni nzito mno kwa msimu wa sikukuu hajakaa mahali ambapo sikukuu na msiba hula sahani moja.

Pa kuanzia

Kwa msomaji anayetaka kuzitafuta nyimbo hizi kabla ya Bonane, njia fupi ni hii. Aanze na "Songs for the Poor Man" ya 1989, asikilize magitaa. Arudi nyuma kwenye "Nalilia Mwana" ya 1988, asikilize maneno. Kisha awaulize wazee wa nyumbani kama kuna kaseti iliyobaki, ya redio au ya ukumbini, hata kama utepe umelegea. Kaseti hiyo ikipatikana, ihamishiwe kwenye simu mapema, maana vita na mafuriko ya uwanda huu vimekwisha kuchukua nyumba zenye vitu vingi vya namna hiyo. Nyimbo za injili aziache kwa asubuhi ya Noeli.

Dar es Salaam imemhifadhi Remmy kwa namna yake. Eneo la Sinza alikoishi lina kituo cha daladala ambacho abiria hukitaja kwa jina lake, na wengi wanaoshuka hapo ni vijana ambao hawakuwahi kumwona jukwaani. Huku alikozaliwa, mashariki mwa Kongo, kinachoweza kumhifadhi ni spika za Desemba, za baa na za kanisa, na mtu wa kubonyeza kitufe.