KUSIKILIZA KIFUA CHA MGONJWA: FUNZO KWA WACHUNGAJI

Wachungaji tulio wengi tunajua la kusema kwa mgonjwa anayetarajiwa kupona. Lakini mbele ya yule ambaye mapafu yake yamekwisha kuharibika twapungukiwa maneno. Twaomba kwa haraka na kuondoka. Katika makala hii twataka kutazama kazi ya daktari aliyekaa karibu na wagonjwa wa namna hiyo wakati hapakuwa na dawa ya kuwaponya.

René Laennec alizaliwa Quimper, Ufaransa, mwaka 1781. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo, naye akalelewa na ndugu ya baba yake aliyekuwa daktari. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, alimchunguza mwanamke kijana ambaye, kwa sababu ya staha na unene wake, hakuweza kumwekea sikio kifuani. Alizungusha karatasi ikawa bomba, akasikia mapigo ya moyo kwa wazi kuliko alivyozoea. Hivyo alitengeneza chombo cha mti, yaani stetoskopu ya kwanza, na mwaka 1819 akatoa kitabu juu ya kusikiliza kifua.

Jambo linalotuhusu ni hili. Kifua kikuu kilipokuwa kimefanya mashimo katika mapafu, Laennec aliweka chombo juu ya mahali hapo na kumwomba mgonjwa aseme. Sauti ilionekana kutoka kifuani moja kwa moja na kuingia sikioni mwake. Palipoharibika zaidi ndipo sauti iliposikika wazi zaidi. Wagonjwa walipofariki, alilinganisha aliyoyasikia na aliyoyaona katika miili yao. Aliona pia makovu ya mashimo yaliyojifunga yenyewe, kwa hiyo hakukata tumaini kabisa. Lakini dawa hakuwa nayo: Robert Koch alitangaza kijidudu cha ugonjwa huo mwaka 1882, na streptomisini ilipatikana mwaka 1943. Laennec mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1826, akiwa na miaka 45. Jamaa yake Mériadec, daktari, ndiye aliyemsikiliza kifua kwa chombo hichohicho.

Leo kifua kikuu cha kawaida hutibika, mara nyingi kwa dawa za miezi 6. Hata hivyo wapo wanaofika wakiwa wamechelewa, na wapo wenye saratani ya mapafu. Hao nao daktari bingwa wa mapafu hawaachi. Hupunguza maumivu na kukosa pumzi kwa dawa, kwa kumketisha mgonjwa wima, hata kwa kumpepea usoni. Huduma hiyo huitwa tiba shufaa.

Nasi je? Anayetweta hawezi kujibu maswali marefu. Basi tuketi, usawa wa macho yake; tuulize kwa ufupi, kisha tungoje. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa kimya (Ayubu 2:13). Walikosea walipoanza kufafanua mateso yake. Tusimwahidi mgonjwa uponyaji ambao hatukupewa kuuahidi, wala tusimdai ungamo refu. Tumtangazie ondoleo la dhambi, naye akiitikia kwa kichwa tu, yatosha. Kwa maana neema haipimwi kwa pumzi iliyobaki kifuani, bali yategemea ahadi yake Yeye aliyeitoa.