Kutoka Runyenjes Hadi Kiwayu kwa Boti: Panga Pesa, Panga na Maji

Bonasi ya chai ikiingia, mara nyingi mwezi wa Oktoba, mawakala wetu wa Runyenjes hawapati hata nafasi ya kunywa chai yenyewe. Foleni inatoka nje ya mlango. Wengine wanatoa pesa za karo, wengine za mabati, wengine wanalipa deni la mbolea. Na kuna wale walioweka kando kidogo ya kutembea. Makala haya ni yao, hasa wale wanaofikiria safari ya kwanza ya baharini: siku nne au tano kwa boti ndogo ya mashine, kutoka kisiwa kimoja cha Lamu hadi kingine.

Mbona Lamu, na si Diani au Malindi? Kwa sababu Lamu boti ndiyo matatu. Visiwa vya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu vimepangana karibu karibu, na kati yake na bara kuna njia za maji zilizokingwa na mikoko. Mtu anaweza kusafiri kutwa nzima bila kuingia bahari kuu. Halafu kuna jambo dogo linalotufurahisha sisi: Mto Thuci unaingia Tana, na Tana inamwaga maji yake baharini kule Kipini, kusini mwa Lamu. Kwa hivyo maji ya nyumbani yalifika huko zamani kabla yenu.

Tuchukue mfano wa chama cha watu sita. Wanataka kukusanya shilingi 120,000 kwa miezi kumi. Hiyo ni 2,000 kila mtu kila mwezi, yaani 500 hivi kwa wiki. Hatusemi safari itagharimu hiyo. Bei za boti na petroli hubadilika na lazima mpige simu mjue. Tunasema anzeni na kiasi mnachoweza kukiweka bila kuuza mbuzi, kisha safari ifuate kiasi hicho. Wekeni pesa hizo mahali palipotengwa, kwenye akaunti ya akiba au laini ya chama yenye zaidi ya mtu mmoja wa kuidhinisha. Pesa ya safari ikikaa kwenye laini moja na pesa ya sukari, itageuka sukari.

Tarehe ndiyo inafuata, na hapa usitazame kalenda ya likizo peke yake. Pwani ina pepo mbili kubwa. Kusi huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, na miezi ya Juni, Julai na Agosti bahari huchafuka kwelikweli. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Katikati kuna matlai, wakati upepo unapobadilika na bahari kutulia, karibu Oktoba na Novemba na tena Machi. Kwa mtu ambaye hajawahi kupanda boti, huo ndio wakati. Na si bahati nzuri kwamba bonasi nayo hutoka wakati huo huo? Ila kumbuka Novemba ni mvua za vuli, kwa hivyo beba koti la mvua.

Msichukulie kusi kama maneno ya wazee tu. Agosti 2017, boti iliyokuwa ikitoka Kizingitini, kisiwani Pate, kwenda Lamu ilizidiwa na mawimbi na wengi wa familia moja wakafa maji. Watu wa visiwani wanaoijua bahari tangu utotoni. Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Mlima Kenya, wengi wetu hatujui hata kuogelea kwenye bwawa la samaki.

Baada ya pepo, maji yenyewe. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kuna maji mafu, tofauti ni ndogo. Pwani yetu ina tabia nzuri ya kukumbuka: siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu huwa kinyume, yanajaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi.

Hilo lina maana gani kwa mfuko wako? Magofu ya Takwa, kule Manda, mji ulioachwa karne ya 17, hufikiwa kwa hori la mikoko ambalo boti hupita maji yakiwa yamejaa. Siyu, yenye ngome ya karne ya 19, ni vivyo hivyo. Mkifika maji yamepwa, mtakaa kwenye matope na jua la utosini mkingoja saa kadhaa, na kama mmekodi boti kwa siku, mnalipia kukaa kwenye matope. Muulizeni nahodha, kabla ya kukubaliana tarehe: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Akijibu bila kusita, huyo anajua kazi. Akisema "msijali, tutapita tu", sisi tungetafuta mwingine.

Njia ya wageni wa mara ya kwanza ni rahisi kuichora. Nairobi hadi Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe kwa basi. Barabarani kuna vizuizi vya polisi, kwa hivyo kila mtu awe na kitambulisho chake halisi, si picha kwenye simu. (Wanaopenda muguka wakumbuke mvutano wa Mei 2024, kaunti za Pwani zilipotangaza marufuku na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha. Ulizeni hali ilivyo kabla ya kufunga mzigo.) Kutoka Mokowe mnavuka kwa boti hadi mji wa Lamu, na mvuko huo mfupi ni mtihani wenu. Atakayetapika hapo, mjue mapema. Laleni Lamu siku mbili, tembeeni mji wa kale ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mzoee harufu ya bahari. Kisha Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, hadi Mtangawanda kwenye kisiwa cha Pate. Siku inayofuata Siyu au Faza. Kisha kupita Ndau hadi Kiwayu, mahali ambapo hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979, inaanza. Hapo geukeni. Mbele ya Kiwayu ni kuelekea mpaka wa Somalia, na hata kabla ya kutoka Lamu ulizeni polisi au walinzi wa pwani kama njia yote iko sawa wiki hiyo. Wakisema hapana, ni hapana, hata kama mmelipa.

Na tukisema "hata kama mmelipa" tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Namna unavyomlipa nahodha inaweza kumsukuma baharini siku ambayo hapaswi kutoka. Fikiria: mmekubaliana bei ya safari nzima, mmempa kidogo, na zilizobaki atazipata mkirudi Lamu. Siku ya nne mko Kiwayu, upepo umeamka usiku, mawimbi yana povu jeupe. Kila siku anayongoja ni hasara kwake, kwa sababu kuna wateja wengine Lamu. Nanyi mna basi la kesho na tiketi imelipwa. Kila mtu ana sababu ya kusema "twendeni tu". Hakuna mwenye sababu ya kusema "tungoje".

Kwa hivyo nunueni sababu hiyo mapema. Kwenye makubaliano wekeni siku moja ya kungoja, na bei yake ijulikane kabla ya kutoka: tukikwama kwa hali ya hewa, utalipwa kiasi hiki kwa siku. Pesa hiyo ikae pembeni kwenye simu ya mweka hazina, isiguswe. Kama haitatumika, mtagawana nyumbani. Tena msikate tiketi ya basi ya kurudi ya siku ile ile mnayotarajia kufika Lamu. Acheni siku moja katikati.

Malipo yenyewe tungeyagawa hivi: sehemu ndogo ya kushikilia boti, sehemu ya petroli asubuhi ya kuondoka, na sehemu kubwa mkirudi Lamu salama, pamoja na za kungoja kama zipo. Tumeni kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la nahodha au kwa nambari ya till ya biashara yake. Kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea. Kama uliongea na mwanamume na jina ni la mwanamke wa kaunti nyingine, usikubali maelezo ya haraka haraka. Piga simu kwanza. Anayedai dipositi yote leo "kwa sababu kuna wazungu wanaitaka" hana boti, au ana boti lakini hana adabu. Boti na mwenyewe mnaweza kuulizia kwa chama cha wavuvi wa ufuo husika, ile BMU, maana wao hujuana wote.

Ukikosea nambari, usimpigie mtu uliyemtumia mkaanza kugombana. Omba kurudishiwa kupitia huduma yetu mara moja, kabla pesa haijatolewa. Na mkipokea meseji ya "nimetuma kimakosa, nirudishie" mkiwa kwenye gati, tazameni salio kwanza. Wakora wanajua mtu aliye safarini hana utulivu.

Petroli ifanyieni hesabu wenyewe, msiachie nahodha peke yake. Sheria ya mabaharia wa boti ndogo kote duniani ni theluthi tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Tuseme Lamu hadi Kiwayu ni kama kilomita 50, boti inakwenda kilomita 15 kwa saa na mashine inakunywa lita 7 kwa saa. Hiyo ni zaidi kidogo ya saa tatu, karibu lita 24. Zidisha mara tatu: lita 72, kabla ya kuongeza mizunguko ya Siyu na Faza. Mashine yenu inaweza kunywa zaidi ya hapo, kwa hivyo ulizeni. Petroli visiwani huwa ghali kuliko ile bei inayotangazwa kila tarehe 14, na mahali pengine haipo kabisa, basi nunueni Lamu au Mokowe na mhesabu mitungi kwa macho yenu ikiingia botini.

Jaketi za kuokolea ni moja kwa kila kichwa, na mnazivaa, hamzikalii. Mzijaribu kwenye gati, mfunge kamba zote. Kama boti inasemwa kuwa ya watu wanane, hao wanane ni pamoja na nahodha na msaidizi wake, na mizigo nayo ina uzito. Mkiona "abiria wa njiani" wanaongezwa, mwambieni nahodha kwa heshima kwamba mmekodi boti nzima. Kwenye Ghuba ya Manda, upande wa bara, kuna bandari mpya ya Lamu, gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na meli kubwa haziwezi kukwepa kiboti. Nahodha akae mbali na njia yao.

Mtandao. Lamu mjini uko sawa, lakini ukisogea kaskazini unapungua na penginepo unapotea kabisa. Usipange kulipia chakula au malazi Kiwayu kwa simu kana kwamba uko soko la Runyenjes. Toeni noti ndogo Lamu, za kutosha siku mnazokaa nje na siku ile ya kungoja, mzigawe kwa watu wawili. Ada za hifadhi na za makumbusho lipeni kupitia eCitizen mkiwa bado na mtandao, na meseji za malipo mzihifadhi. Simu ziingie kwenye mfuko usioingiza maji, pamoja na pawabenki. Simu ya mweka hazina izimwe kabisa, ya mtu mwingine ndiyo itumike kupiga picha. PIN ya laini ya chama isijulikane na mmoja tu: mweka hazina akitapika siku nzima, nani atamlipa nahodha? Laini yenye waidhinishaji wawili au watatu inamaliza shida hiyo bila mtu kumpa mwenzake PIN yake binafsi, jambo ambalo hatushauri hata kwa mume na mke.

Kabla ya kuondoka Lamu, tumeni meseji nyumbani kwa mtu mmoja makini: jina la boti, nambari ya nahodha, njia, siku ya kurudi, na siku ya kungoja. Mwambieni asipige kelele siku ya kwanza mkichelewa. Siku ya kungoja ikipita na hamjasikika, aanze kupiga simu kwa polisi wa Lamu.