Wastani wa Mauzo: Kipimo cha Akiba ya Dagaa Ziwa Tanganyika Linapopumzishwa

Mwaka 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano ya Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia yenye lengo la kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Kwa mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, Katonga au Ujiji, kipindi cha namna hiyo huleta swali moja: anunue akiba kiasi gani?

Akinunua kidogo, atakosa bidhaa na wateja. Akinunua kupita kiasi, hasa kwa mkopo, mtaji utalala ghalani huku dagaa wakiharibika. Jibu huanzia katika daftari la mauzo.

Hatua ya kwanza ni kupata wastani wa mauzo kwa wiki. Kumbukumbu zitumike za wiki nne au zaidi, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na hupungua wakati wa mbalamwezi. Siku chache pekee zaweza kupotosha hesabu. Aidha, wiki ambayo bidhaa iliisha isihesabiwe, kwani haioneshi mahitaji halisi ya wateja.

Kwa mfano, muuzaji aliyeuza kilo 38, 46, 40 na 36 katika wiki nne ameuza jumla ya kilo 160, sawa na wastani wa kilo 40 kwa wiki. Miezi hiyo mitatu ni takribani wiki 13. Akiongeza wiki mbili za kusubiri dagaa wapya wavuliwe, waanikwe na kufika sokoni, atahitaji akiba ya wiki 15, yaani kilo 600. Iwapo uzoefu wake unaonesha kuwa katika kila kilo 100 huharibika kilo 5, anunue takribani kilo 632.

Hesabu hiyo irudiwe kila wiki, kwa sababu bei ikipanda wateja hupunguza ununuzi. Tuseme baada ya wiki sita amebakiwa na kilo 420, na mauzo yameshuka hadi kilo 30 kwa wiki. Akiba hiyo ni ya wiki 14, ilhali zimesalia wiki 9 tu kabla ya mzigo mpya. Ni vyema ziada hiyo aiuze mapema, dagaa wakiwa bado adimu, kuliko kusubiri ishindane na dagaa wapya bei ikiwa imeshuka.

Hesabu sahihi haitoshi bila uhifadhi bora. Dagaa wakaushwe vizuri, magunia yawekwe juu ya chaga mahali pakavu penye hewa, na mzigo uliotangulia kuingia utangulie kuuzwa.

Ziwa hupumzishwa ili kesho kuwe na samaki. Daftari humwezesha mfanyabiashara kuifikia kesho hiyo mtaji wake ukiwa salama.